Waraka Usigongwe Mhuri

Godoro lilitangulia. Lilitoka dirishani ghorofa ya pili, likageuka hewani mara moja, likatua kifudifudi kwenye ua wa saruji na kutimua majivu ya volkano yaliyokuwa yakianguka mjini tangu juzi. Ikafuata sufuria. Vikafuata vitabu, kimoja kimoja, kwa sababu mlinzi aliyekuwa akivirusha alitaka kusoma jina la kila kimoja kwanza.

"Mekanika ya Udongo!" alipaza sauti. "Udongo huo hapo chini, kausome!"

Wenzake wawili wakacheka. Wanafunzi waliokuwa wakipiga mswaki kwenye bomba la uani walikaza macho kwenye maji.

Hermilo Tepale alikuwa ametoka zamu ya alfajiri kwenye jiko la bweni, mikono yake bado inanuka klorini ya kuoshea masufuria. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi. Alipanda ngazi mbilimbili kuwazuia. Mlinzi wa mlangoni akamwekea kirungu kifuani.

"Huna somo, huna kitanda."

"Nina alama tisa kati ya kumi. Mwalimu aliniambia mwenyewe."

"Kaiambie kompyuta."

Hermilo akakisukuma kile kirungu pembeni kwa mkono. Alikisukuma taratibu, kama mtu anayesogeza pazia, lakini mlinzi hakungoja zaidi. Pigo la kwanza lilimpata kwenye mfupa wa bega na mkono wote ukafa ganzi. La pili lilimpata nyuma ya goti. Aliteremka ngazi kwa mgongo, akihesabu kingo zake kwenye mbavu, akafika chini karibu na vitabu vyake.

Kosa lake lilikuwa neno moja. Mwalimu wa Hidroliki alimfundisha muhula mzima, akamsahihishia mtihani, akamwambia kwa kinywa chake, "Tisa, Tepale, safi sana." Kisha akaondoka kwenda kumpigia mgombea mmoja kampeni, bila kuingiza alama za darasa lake. Kwenye kompyuta, mahali pa tisa, paliandikwa HAKUFIKA. Aliyeandikwa hakufika alihesabiwa ameanguka, aliyeanguka alipoteza kitanda, na aliyepoteza kitanda alipoteza na kadi ya chakula. Nyumbani kwao ilikuwa milimani, saa saba kwa basi, kwenye mahindi yaliyoliwa na baridi miaka miwili mfululizo. Mama yake alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe atajenga daraja.

Alikwenda kwenye dirisha namba nne la masjala akichechemea. Mama wa dirishani alikuwa anamenya chungwa.

"Pendekezo, lalamiko au dai?" aliuliza bila kuinua uso.

"Sijaelewa, mama."

"Pendekezo linaingia kwenye kisanduku. Lalamiko linaingia kwa fomu ya kijani. Dai linaingia kwa barua, nakala tatu. Lako lipi?"

"Mwalimu hakuingiza alama yangu. Nimefukuzwa bwenini."

"Hilo la mwalimu ni dai. La bweni ni lalamiko. Ni madirisha mawili tofauti."

"Basi nianze na dai."

"Lete saini ya mwalimu."

"Mwalimu hayupo, mama. Ndiyo maana nadai."

"Akirudi, basi." Alitia pande la chungwa mdomoni. "Halafu siku sitini za kazi. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa msichana mfupi mwenye nywele zilizosukwa mkia mmoja hadi kiunoni, na jalada la plastiki la manjano kwapani. Hakusogea dirishani. Alimtazama Hermilo jinsi alivyokuwa ameshika bega.

"Wamekupiga wewe pia? Hidroliki?"

"Umejuaje?"

"Tuko themanini na saba, kaka. Themanini na saba hatukufika. Darasa zima lilikuwa hewa, mzee wa watu alikuwa anafundisha viti." Akacheka, akamshika kiwiko cha mkono mzima, akamvuta nje kwenye jua. "Mimi Nereida Coyotl. Tunasoma wote Vyuma siku ya Jumanne, ila wewe unakaa nyuma kama unadaiwa."

Alimkalisha kwenye ukuta mfupi, akafungua kitambaa, akampa mkate wa mahindi uliojazwa maharage, ungali na joto. Hermilo aliula kwa kutafuna mara mbili tatu tu. Nereida akampa wa pili kabla hajaomba, kisha akafungua jalada.

Ulikuwa waraka wa kurasa kumi na nne, umechapwa vizuri. Alama zilizopotea. Maji ya bweni yenye minyoo. Mwalimu wa Takwimu aliyewapapasa wasichana watatu ofisini, na majina yao wote watatu, kwa ridhaa yao. Mwisho zilifuata saini.

"Mmoja mmoja wanatuzungusha madirishani mpaka tuzeeke," alisema. "Lakini kuna kifungu cha arobaini cha kanuni za chuo. Waraka ukipokelewa na kugongwa mhuri, wana siku kumi kujibu. Wasipojibu, unakwenda bunge la jimbo, na huko kuna watu wasiompenda mkuu wetu. Usipogongwa mhuri, ni karatasi ya kufungia pilipili. Umeelewa? Vita vyote ni mhuri."

"Na wakikataa kuugonga?"

"Alhamisi saa tano mkuu anatoka kwenye baraza kuongea na waandishi wa habari. Tutampa mbele ya kamera. Atafanyaje, aule?"

Hermilo akasaini. Ilikuwa saini ya mia mbili na kumi na mbili. Alipomrudishia kalamu, Nereida aliipuliza ile saini ili wino ukauke, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Hermilo alihamia kwenye bohari ya maabara ya zege, akilala juu ya mifuko ya saruji. Siku ya tatu, adhuhuri, mlango ulisukumwa kwa mguu. Alisimama mwanamume mnene wa kifua, jezi ya timu ya chuo mwilini, nywele zimesimama wima. Chuo kizima kilimjua kwa jina la Cepillo, yaani brashi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili kwa mwaka wa kumi na tatu sasa. Watu walihama njia alipopita.

"Tepale? Inuka, kijana. Wakili anakuita. Na ujipanguse, unafanana na sanamu."

Wakili Arizpe alikuwa katibu wa masuala ya wanafunzi. Ofisi yake ilikuwa na zulia. Alimwambia Hermilo akae, akampa kahawa kwa mkono wake, akamuuliza habari za bega. Kisha akaigeuza kompyuta imtazame Hermilo. Jina lake lilikuwa pale, na mbele yake lile neno.

"Hili linarekebishwa sasa hivi," Wakili alisema. "Angalia." Alilifuta. Nafasi ikabaki nyeupe, mshale unawaka na kuzima. "Naandika tisa, unarudi kitandani leo jioni. Au naandika tena lile neno, na muhula huu wewe si mwanafunzi. Huhitaji fomu, huhitaji dirisha. Wanafunzi wenye akili huja kwangu."

"Nifanye nini, Wakili?"

"Kuna watu wanataka kuchafua chuo siku ya Alhamisi. Wanatumiwa. Wewe unamfahamu yule msichana mwenye jalada, nimeambiwa mlikula pamoja."

Hermilo alitazama kahawa.

"Simtakii mabaya," Wakili aliendelea. "Nataka waraka usigongwe mhuri. Basi. Vijana watafanya fujo kidogo, watu watakimbia, wewe unamjua kwa sura hata kwenye moshi. Unachukua jalada unaondoka. Hakuna anayeumia."

"Na nikikataa?"

Wakili aliivuta kibodi karibu. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya lile neno, akaibonyeza. Akaweka kwenye ya pili.

"Sawa," Hermilo alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine aliyekaa nyuma yake.

Nje, Cepillo alimpa sigara. "Usijione wa kwanza," alisema. "Unadhani mimi nilikuja hapa kufanya nini? Nilikuja dirisha namba nne, mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na barua nzuri, nakala tatu." Alicheka bila kutoa sauti. "Hawajanijibu mpaka leo."

Alhamisi saa nne na nusu walikutana nyuma ya uwanja wa mazoezi, watu kama arobaini. Hermilo aliwatambua wawili kutoka bweni lake. Waligawana helmeti za pikipiki, mabomba ya chuma, chupa zilizojazwa petroli na kuzibwa matambara. Cepillo alipita akiwapigapiga mashavu. Hermilo alipewa helmeti yenye kioo cheusi na gongo la besiboli lililofungwa mkanda mweusi mahali pa kushikia.

"Silihitaji hili," alisema.

"Asiyeshika kitu tunamdhania ni wao," Cepillo alimjibu.

Ndani ya helmeti mlinuka jasho la mtu aliyeivaa kabla yake. Kutoka pale walipojificha nyuma ya mabasi ya chuo, aliona ngazi za jengo la utawala. Wanafunzi walikuwa kama mia tatu, wameketi kwa mistari, wanaimba. Wengine walikuwa wamelala kidogo wakiegemeana. Kulikuwa na wasichana wanaosuka nywele. Nereida alisimama kwenye ngazi ya tatu, jalada la manjano limekumbatiwa kifuani, anaongea na mwandishi mmoja wa redio. Walinzi wa chuo walikuwa wanane mlangoni. Saa tano kasoro dakika tano, mmoja wao aliitazama simu yake, akawapungia wenzake, wakaingia ndani wote wanane, na mlango mkubwa wa kioo ukafungwa kwa komeo.

Basi Cepillo akapiga mluzi.

Fataki zilitangulia, zile nene za sikukuu za watakatifu, zikatupwa katikati ya waliokaa. Mlipuko wa kwanza uliwainua wote pamoja. Wa pili ulimkata mvulana mmoja vidole, akabaki ameketi akivitazama huku wengine wanamruka. Chupa zikafuata. Moja ilipasukia kwenye bango, ikaanguka na moto wake juu ya msichana aliyekuwa amelishika, na sweta lake la sufu likashika mara moja. Kelele iliyotoka pale haikuwa ya maneno. Wale waliokimbilia mlango wa kioo waliupiga kwa viganja, na ndani, upande wa pili wa kioo, walinzi wanane walisimama wakiwatazama.

Kundi la Cepillo liliingia kwa mabomba. Waliwapiga waliosimama, kisha waliolala. Hermilo aliona mtu wa bweni lake, kijana mpole aliyekuwa akimwazima sabuni, akimkanyaga mtu shingoni na kuhesabu kwa sauti. Aliona profesa mzee akiinua mikono na miwani yake ikiruka. Kila mtu alikuwa anakimbia kuelekea kwake na kumpita, na yeye alikuwa anapanda ngazi, moja, mbili, kama mtu aliyetumwa dukani.

Nereida hakuwa amekimbia. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi ya tatu, jalada liko chini ya kifua, mwili wote umelifunika. Hermilo alilishika kwa ncha, akavuta. Lilikataa.

"Achia!" alisema ndani ya helmeti. Ilisikika kama mngurumo.

Nereida aliinua uso. Aliona kioo cheusi tu na ndani yake sura yake mwenyewe, ndogo. "Mna nini nyinyi?" alipiga kelele. "Humu mna majina ya watu! Kuna wenzenu humu!"

"Tepale!" Cepillo alifoka kutoka chini. "Unambembeleza? Mpige!"

Hermilo alipiga mkono wa Nereida kwanza. Alijiambia ni mkono tu, ili uachie. Alisikia vidole vikivunjika juu ya plastiki, kama vijiti vikavu. Mkono haukuachia, au labda haukuweza tena kuachia. Nyuma yake hatua za Cepillo zilikuwa zinapanda. Wazo lililomjia lilikuwa kwamba Cepillo akifika na bomba lake atamwua, hivyo ni heri yeye amalize upesi. Wazo hilo alilishikilia baadaye kwa siku nyingi, akiligeuzageuza. Lakini wakati ule mikono yake iliinua gongo na kulishusha usoni, na kulikuwa na raha ndani yake, raha fupi kabisa, ya kitu kilichokataa na sasa kimekubali.

Jalada likatoka.

Alikimbia nalo. Nyuma ya mabasi kamba ya jalada ilikatika na karatasi zikamwagika miguuni, na kwenye ukurasa wa kumi na tatu, chini ya alama ya damu iliyokuwa na umbo la nusu kidole, aliliona jina lake kwa mwandiko wake. Cepillo alimnyang'anya zote. Alizichoma palepale kwa petroli iliyobaki, akizikoroga kwa bomba.

Saa nane mchana kompyuta ya bweni ilionyesha Hidroliki: tisa. Godoro lilikuwa limerudishwa kitandani, limekung'utwa majivu. Juu yake mtu alikuwa ameweka kadi mpya ya chakula.

Jioni ile chuo kilitoa taarifa. Kilisikitishwa na mapigano kati ya makundi mawili ya wanafunzi. Kiliwakumbusha wanafunzi wote kwamba milango ya kupokea maoni, malalamiko na madai iko wazi siku zote za kazi.

Hermilo hakula Ijumaa wala Jumamosi. Jumatatu Cepillo alimkuta bombani.

"Yule msichana amezinduka. Nenda hospitali kasikilize anasema nini. Wewe ni rafiki yake, hawatakushangaa."

"Siendi."

"Unaenda," Cepillo alisema kwa upole, akimtengeneza kola ya shati. "Ulishakwenda tayari."

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na wagonjwa kumi na wawili. Nereida alikuwa wa dirishani. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, mkono wa kulia umetiwa plasta mpaka kwenye kiwiko, na bandeji ilimzunguka kichwa, imefunika jicho la kushoto. Jicho halikuwemo tena ndani yake. Pembeni, kwenye ndoo iliyopinduliwa, aliketi mzee aliyeshika kofia ya nyasi magotini. Nguo zake zilikuwa safi lakini wekundu wa udongo ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya shingo, mahali ambapo sabuni haifiki.

"Wewe ni nani, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Hermilo. Tunasoma wote."

Mzee akasimama kwa haraka hata ndoo ikaanguka. "Hermilo wa bohari? Wa saruji?" Akamshika mabega, na Hermilo akakunja uso kwa maumivu. "Alituambia habari zako! Jumatano alimwambia mama yake aongeze mikate ya maharage, kwamba kuna mwenzake mmoja anakufa njaa na haombi. Kaa. Mimi Fidencio, baba yake. Kaa hapa kwenye ndoo, mimi nitasimama. Siku nne na hajaja mtu. Nadhani wanaogopa. Wewe hukuogopa."

"Mzee, mimi..."

"Umekula?"

Alimfunulia tamale, andazi la unga wa mahindi na pilipili lililopikwa kwenye ganda la hindi. Hermilo alilishika. Nereida alikuwa amemgeuzia lile jicho moja. Lilimtazama usoni, likashuka mikononi mwake, likakaa hapo kwenye mikono muda mrefu bila kupepesa.

"Ni dawa," baba alisema. "Zinamfanya aangalie hivyo. Jana alimwangalia muuguzi hivyohivyo. Binti yangu, ni Hermilo huyu! Unaona? Amekuja."

Jicho halikusogea. Kutoka kwenye pembe yake lilianza kutoka chozi, lakini dawa nazo huweza kutoa machozi, na Hermilo hakujua. Alilijua moja tu, kwamba tamale lilikuwa linapoa mkononi na hawezi kulila wala kuliweka.

Mlango wa wodi ukafunguka. Aliingia mwanamke kijana mwenye beji shingoni na mkoba wa ngozi, akijipepea kwa bahasha.

"Familia ya Coyotl? Natoka ofisi ya mtetezi wa haki za wanafunzi. Nimekuja kupokea lalamiko. Tuwahi, tafadhali, ni siku ya tatu ya kazi tangu tukio, leo ndiyo mwisho wa kulipokea, na ofisi yetu inafungwa saa tisa."

"Saa ngapi sasa?" Mzee Fidencio aliuliza.

"Nane na robo."

Alitoa fomu, akaiweka juu ya kabati dogo, akaisukuma kwa mzee. Mzee akaitazama, akamtazama Hermilo.

"Macho yangu hayasomi, mwanangu. Wewe umesoma. Tuandikie."

Kwa hiyo Hermilo akaandika. Mwanamke aliuliza, mzee akajibu, yeye akaandika. Jina la mwathiriwa. Umri, ishirini. Mahali, ngazi za jengo la utawala. Maelezo ya tukio.

"Andika walimtoa jicho," mzee alisema. "Andika alikuwa amepiga magoti. Waliokuwepo wanasema alikuwa amepiga magoti. Andika mtu aliyefanya hivyo alikuwa na nguvu, ni mtu aliyezoea kazi, maana mfupa wa taya hauvunjiki hivyo kwa mkono wa mtoto wa tajiri. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Jina la mtuhumiwa?" mwanamke aliuliza.

Wodi ilikuwa na kelele, mtu wa kitanda cha tatu alikuwa anamwita muuguzi. Hermilo alisikia pumzi ya Nereida ikipita kwenye waya, inaingia, inatoka.

"Hajulikani," alisema, na mkono wake ukaandika.

"Sawa. Saini ya mlalamikaji."

Wote waliutazama ule mkono wenye plasta. Mwanamke akakohoa. "Mzazi anaweza kusaini."

"Huwa naweka kidole," mzee alisema.

Mwanamke alikuwa na kisanduku cha wino. Mzee Fidencio alifuta kidole gumba kwenye suruali, akakibonyeza kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi kwa uangalifu wote, ulimi nje kidogo. Alipokiinua lilibaki doa. Jeusi, la mviringo, laini kama tone la lami, halina mstari hata mmoja.

"Haijasoma," mwanamke alisema. "Rudia."

Akarudia. Doa.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Matofali. Tangu nina miaka saba."

"Yamekula alama zote." Mwanamke alitazama saa. "Alama isiyosomeka siwezi kuipokea. Mfumo unaikataa, utasema mlalamikaji hatambuliki. Hapa hakuna mtu aliyekuwepo siku ile? Shahidi akiandika jina lake na kusaini kwamba aliona, kidole si lazima tena."

Mzee alimgeukia Hermilo. Hakuuliza, alimgeukia tu, uso wake umejaa tumaini la kawaida kabisa, la mtu anayetaka kuazima jembe.

"Ulikuwepo, mwanangu?"

Nereida alitoa sauti. Ilipita kwenye waya ikiwa imevunjika, haikuwa neno. Ingeweza kuwa ndiyo. Ingeweza kuwa hapana, au maji.

"Sikuwepo," Hermilo alisema.

"Basi," mzee alisema upesi, kama anayemwondolea mwenzake aibu. "Basi, una bahati hukuwepo." Akaunyoosha mkono tena. "Vipo vidole vingine, mama. Tujaribu vyote. Ila mkono unanitetemeka. Nishikie, mwanangu, ukibonyeze sawasawa."

Hermilo aliweka tamale chini. Aliushika ule mkono, mzito, wa joto, wenye ngozi ngumu kama ya kisigino. Alichukua kidole cha shahada, akakipaka wino, akakilaza kwenye karatasi, akakizungusha kutoka ukucha hadi ukucha. Doa. Akachukua cha kati. Doa. Mzee alikuwa anamwomba radhi mwanamke kila mara kinapoinuliwa, samahani, mama, ni moto wa tanuri, ni mchanga, mwanamke akisema rudia, rudia, huku amefunga mkoba wake tayari. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro dakika ishirini. Karatasi ilikuwa na madoa manane ya vidole saba. Jicho moja lilikuwa linatazama mikono yao miwili iliyoshikana, myeusi yote sasa hata huwezi kujua upi ni wa nani.

"Endelea," mzee alimnong'oneza. "Bado vitatu."

Hermilo akakunjua kidole kinachofuata.